Kitochi mkononi, WhatsApp dukani: matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Kila anayekuja kuniuliza huanza hivi: "Nimehamia kwenye kitochi, sasa kazi imekwama." Kabla sijaigusa simu yake humuuliza mambo matatu. Laini yako iko kwenye simu ipi? WhatsApp yako inakaa kwenye mashine ipi? Na watu unaofanya nao kazi wanajua wakupateje? La kwanza hulijibu haraka, la pili anasitasita, la tatu hana jibu. Mara nyingi tatizo liko hapo alipokosa jibu.

Mimi nauza vitenge, kanga na madera kwa oda kwenye barabara za namba hapa Ngamiani, Tanga. Wateja wangu wako Muheza, Korogwe, Pangani, Unguja, na wachache wako Muscat. Wanachagua kwa picha, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi stendi ya Kange. Kwa hiyo kuiacha WhatsApp siwezi. Ndiyo kabati langu la maonyesho. Ninachokataa ni kutembea nayo. Uamuzi huo niliufanya usiku mmoja mwanangu aliponiita mara tatu mezani, sikumsikia, kwa sababu nilikuwa namjibu mtu aliyeuliza bei ya dera saa nne usiku. Huu ni mwaka wa pili. Simu inayotoka nami ni ya vitufe: inapiga, inapokea, ina meseji na tochi.

Mpangilio ninaoutumia

WhatsApp inafuata namba, haifuati laini. Watu wengi hawalijui hili, ndiyo maana wanadhani lazima wachague moja. Laini yangu iko ndani ya kitochi. WhatsApp iko kwenye simu janja ya zamani isiyotoka dukani, isiyo na laini hiyo ndani yake. Siku ya kuiweka, niliandika namba yangu kwenye ile simu ya dukani, tarakimu sita za uthibitisho zikaja kwa meseji kwenye kitochi, nikazisoma na kuziandika. Basi. Baada ya hapo simu ya dukani inahitaji intaneti tu, iwe ya waifai au ya laini nyingine ya bando.

Simu hiyo ndiyo simu kuu. Juu yake unaweza kuunganisha vifaa vingine hadi vinne, kwa mfano kompyuta ya ofisini. Usichukue simu ya zamani kupita kiasi, maana Android iliyo chini ya toleo la 5 haipokelewi tena.

"Muuzaji aliniambia kitochi hiki kina WhatsApp, mbona siioni?"

Pengine muuzaji hakukudanganya. Alikuwa anazungumzia enzi iliyopita. Viliwahi kuwepo vitochi vyenye WhatsApp, vile vya mfumo wa KaiOS, kama Nokia 8110 ya mwaka 2018. Lakini tangu tarehe 25 Juni 2024 huwezi tena kuipakua kwenye simu hizo, na waliokuwa nayo tayari walisitishiwa huduma mwanzoni mwa 2025. Zile Nokia za zamani zaidi, za mfumo wa S40, ziliachwa mwishoni mwa 2018. Kwa hiyo ukikuta kitochi sokoni kimeandikwa WhatsApp kwenye boksi, boksi ni la zamani kuliko uamuzi huo.

Usihangaike kutafuta faili la kuipachika kwa njia za mlango wa nyuma. Programu ya namna hiyo ikikuomba namba yako na zile tarakimu sita, umempa mtu usiyemjua ufunguo wa akaunti yako. Rudi kwenye mpangilio niliouelezea juu.

Wapo pia wanaoagiza kutoka Marekani zile simu tulivu za bei kubwa, kama Light Phone. Ni simu nzuri, lakini haina WhatsApp na haikuwahi kuwa nayo. Na kabla ya kulipia simu yoyote kutoka nje, hakikisha masafa yake ya 4G yanatumika na mtandao wako. Ukiipata mkononi bonyeza nyota, reli, 06, reli uione IMEI yake, ile namba ya utambulisho wa simu. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu zenye IMEI bandia, na simu ya namna hiyo inabaki kuwa tochi tu.

Tarakimu sita haziji

Anza na jambo dogo: sanduku la meseji limejaa. Kitochi kina nafasi chache, kikijaa kinaonyesha alama ya bahasha na meseji mpya zinabaki nje. Futa matangazo yote ya mtandao, kisha subiri dakika moja. Wengi hupona hapo.

Kama nafasi ipo, mwombe mtu akutumie meseji ya kawaida. Isipofika, tatizo ni laini au mtandao. Ikifika, acha kuomba tarakimu mara kwa mara, kwa sababu kila ukirudia WhatsApp inakuongezea muda wa kusubiri. Subiri muda uishe, kisha chagua kupigiwa. Sauti itakusomea tarakimu. Shika kalamu kabla ya kupokea.

Kuna mwingine tarakimu zimefika, kaziandika, halafu anadaiwa namba nyingine ya siri. Hiyo ni ile aliyoiweka mwenyewe zamani ya hatua ya pili ya uthibitisho. Kama ameisahau na hakuacha barua pepe ya kuirudishia, itabidi asubiri siku 7. Hakuna fundi wa kumpunguzia siku hizo, na anayedai anaweza anatafuta pesa yake.

Mteja anaona tiki moja

Hili ndilo linalovunja biashara, kwa hiyo nitakaa nalo.

Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwa mteja lakini haujafika kwenye simu yako ya dukani wala kifaa chochote ulichokiunganisha. Kwa mteja inasomeka tofauti kabisa. Mteja wangu mmoja wa Pangani, mama wa makamo, alikaa siku mbili na tiki moja, kisha akanipigia: "Mwanangu, nimekukosea nini hata umenifungia?" Nilimwomba radhi mpaka nikaona haya. Hakuna kilichoharibika zaidi ya bando lililoisha usiku wa Ijumaa.

Ili ujue chanzo, chukua simu ya jirani, jitumie ujumbe, na usiiguse simu ya dukani. Tazama tiki.

Tiki ya pili ikija yenyewe ndani ya muda mfupi, mashine ni nzima. Tatizo la mteja lilikuwa la saa ile, labda umeme. Umeme ukikatika, kisambaza waifai kinazimika hata kama simu yenyewe ina chaji, na wengi hawalifikirii hilo kwa sababu wanaona skrini inawaka. Weka laini ya bando ndogo ndani ya simu ya dukani iwe akiba. Nami nimejifunza kununua bando la wiki au mwezi, silo la siku, kwa sababu la siku linaisha saa ambayo hakuna mtu dukani wa kuliongeza.

Tiki ya pili ikija pale tu unapoifungua WhatsApp kwa mkono, basi simu inailaza programu ili kuokoa betri. Simu za Android za bei nafuu hufanya hivi sana. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta WhatsApp, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Zima pia kile kitufe cha kuokoa betri kwa ujumla. Simu iko kwenye chaji, inaokoa nini?

Tiki ya pili isipokuja kabisa hata baada ya kuifungua, angalia bando, kisha nafasi ya kuhifadhi. Simu iliyojaa picha za magrupu hufika mahali ikakataa kupokea. Kwenye simu ya kazi zima upakuaji wa kujiendesha wa picha na video, upakue unachokihitaji tu. Angalia na tarehe ya simu: iliyozima kwa muda mrefu ikawaka na tarehe ya uongo hukosa kuunganishwa.

Jua pia kwamba ujumbe usiofika hausubiri milele. WhatsApp huushikilia kwa siku 30, kisha huufuta. Ukisafiri mwezi na zaidi huku simu ya dukani imezimwa, kuna oda hutaziona kamwe na mteja ataapa alituma. Atakuwa anasema kweli.

"Niliweka jibu la kujiendesha, lakini halijibu"

WhatsApp ya biashara ina ujumbe unaojituma wenyewe wakati wewe haupo. Wengi wanaouweka wanadhani unatoka huko mbali kwenye mitambo ya WhatsApp. Hapana, unatoka pale tu simu yako ina intaneti. Simu ikizimika, nao umezimika. Tofautisha pia na ule wa makaribisho: huo unakwenda kwa anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Mteja anayekuandikia kila wiki hatauona, na si kosa la simu.

Kompyuta imejitoa yenyewe

Simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vyote ulivyounganisha vinatolewa. Hili linawakumba wanaofunga kazi wakati wa sikukuu, wakaenda Lushoto kwa wazee, wakarudi na kukuta kompyuta inadai kuunganishwa upya. Iwashe simu kuu, ipate intaneti, ichanganue ile picha ya mraba kwenye kompyuta, kazi imekwisha. Ukiwa safarini mwachie mtu ufunguo aiwashe na kuifungua hata mara moja kwa wiki. Ukiiacha zaidi, akaunti isiyotumika kwa siku 120 hufutwa yote.

Majina yamepotea, au yamekatika

Majina yako mengi yalikuwa kwenye akaunti ya Google, siyo kwenye laini. Kitochi hakiijui Google. Kinasoma laini, na laini kwa kawaida hubeba majina yapatayo 250, kila jina na namba moja, jina lenyewe fupi. "Mama Zainabu wa Korogwe vitenge" linakuwa "Mama Zainabu w", na ukiwa na kina Mama Zainabu watatu umeshapotea.

Sikushauri kuyahamisha yote. Kaa jioni moja na daftari, andika watu wanaostahili kukupigia: familia, wateja wa kudumu, dereva na konda wa basi, msambazaji, fundi. Mimi walitoka themanini na kitu. Anza jina na mji kwa kifupi, "KRG Zainabu", ili kinachokatwa kiwe kile usichokihitaji. Wengine wabaki kwenye simu ya dukani.

Kitochi kinaandika "weka laini"

Laini iliyokatwa ndogo ya simu janja haikai vizuri kwenye tundu kubwa la kitochi bila kipachiko, na kipachiko kibovu hunasa zile chuma za ndani na kuzipinda. Usiichomeke laini ndogo peke yake ukaifunga kwa karatasi. Nimeona simu mbili zikifa hivyo. Nenda kwa wakala wa mtandao wako na namba ya NIDA, utaweka alama ya kidole na kupewa laini nzima ya namba ileile. WhatsApp iliyoko dukani haitikisiki, kwa sababu haikuwa inaitegemea laini hiyo.

Meseji zinakuja na visanduku

Kitochi hakionyeshi vikatuni vya hisia. Mteja anakutumia dole gumba kwa meseji ya kawaida, wewe unaona kisanduku kitupu. Inaonekana ni jambo dogo mpaka umuulize mtu, "Nikate mita sita?" na jibu lake likawa kisanduku. Je, ni ndiyo, ni kicheko, au ni mikono ya kusali asubiri mwisho wa mwezi? Usikisie kitambaa cha mtu. Piga simu.

Na ukituma wewe: meseji moja hubeba herufi 160, lakini ukiweka hata herufi moja ya nje ya zile za kawaida, kwa mfano salamu kwa maandishi ya Kiarabu, nafasi inashuka hadi 70 na ujumbe wako unahesabiwa kama meseji mbili au tatu. Wanaoona salio linayeyuka bila sababu waanzie hapo.

Malipo

Hapa kitochi kinaishinda simu janja, nalisema bila kusita. Menyu ya nyota na reli haihitaji intaneti, na ujumbe wa muamala unaingia moja kwa moja kwenye laini yako. Mteja akituma skrinishoti ya malipo kwenye WhatsApp, msaidizi wangu hafungi mzigo kwa picha hiyo. Ananipigia: "Shangazi, ya Korogwe imeingia?" Naangalia kitochi. Ipo meseji, mzigo unafungwa. Haipo, tunamwambia mteja kwa heshima kwamba tunasubiri. Picha inaweza kutengenezwa. Mwisho, angalia na salio lenyewe, kwa sababu hata meseji hughushiwa na kutumwa kutoka namba ya mtu binafsi.

Usumbufu mmoja: menyu hukatika ukichelewa. Ukiwa na namba ndefu ya kulipia, iandike kwenye karatasi kabla ya kupiga, usianze kuitafuta katikati.

Akipiga mtu kukuomba "namba iliyokuja kwenye simu yako kwa bahati mbaya", hizo ni tarakimu sita za WhatsApp yako. Usimsomee. Washa ile hatua ya pili ya uthibitisho leo, na namba ya tapeli iripoti 15040.

Mambo ya haraka yananipita

Sasa tuko kwenye swali la tatu, lile lisilo na jibu: watu wanajua wakupateje? Hapa hakuna kitufe cha kubonyeza.

Anayekulalamikia kwamba alikuandikia saa tatu asubuhi na hukujibu mpaka alasiri ana haki kama hukumwambia. Mimi nilipiga simu, mmoja mmoja, kwa wateja wa kudumu: "Picha na oda niandikie WhatsApp, naziangalia saa nne asubuhi na baada ya adhuhuri. La haraka nipigie, hata kubipu, nitakurudia." Maneno hayohayo yako kwenye maelezo ya akaunti na kwenye jibu la kujiendesha. Hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa sababu hiyo. Waliolalamika walikuwa wale ambao sikuwapigia.

Wa Muscat ni jambo jingine. Kupiga simu ya kawaida kutoka huko ni ghali, na simu ya WhatsApp inalia dukani mimi nikiwa Kange. Tumekubaliana siku na saa, nakuwa dukani nawasubiri.

Grupu la kazi la bosi ni gumu zaidi. Mwalimu mmoja wa Makorora alijaribu mpangilio huu, akakosa tangazo la kikao kwa sababu lilitumwa usiku kwenye grupu. Tulichofanya ni kumwomba mwenzake wa ofisi moja amtumie meseji ya kawaida kila kikao kikibadilika, naye akaenda mwenyewe kwa mkuu wake kueleza. Mkuu alikubali. Angekataa, ningemwambia arudishe simu janja kwa saa za kazi bila kujilaumu.

Kwa sababu zipo kazi ambazo mpangilio huu hauziwezi. Dereva wa bodaboda anayepokea ramani ya mahali alipo mteja anahitaji skrini barabarani. Dalali wa machungwa wa Muheza, msimu ukichanganya, bei inapanda na kushuka kwa picha ya shehena, na saa mbili za kimya ni hasara ya lori. Huyo nilimwambia abebe simu janja msimu wa mavuno na kitochi miezi mingine, na ndivyo anavyofanya.

Simu ya dukani imeanza kulala nyumbani

Dalili hii haina sauti, na ndiyo inayoangusha wengi. Unaichukua siku moja "kumalizia oda", wiki ya pili iko kitandani. Kabla ya kujihukumu, tazama ulichokifungua usiku ule. Ikiwa ni oda kweli, basi saa zako mbili za mchana hazitoshi; ongeza ya tatu kabla ya kufunga duka. Ikiwa ni stetasi za watu na video, tatizo si kazi. Ondoa kila programu isiyo ya kazi kwenye simu hiyo, nyamazisha stetasi, toka kwenye magrupu ambayo hayakuletei mteja wala ndugu.

Kisha ipe mahali pa kudumu. Yangu iko kwenye rafu ya juu nyuma ya majora ya vitenge, waya wa chaji umefungwa kwenye nguzo kwa kamba fupi. Kuitoa hapo mpaka nipande kigoda, nifungue fundo, na msaidizi wangu aniulize ninakwenda nayo wapi.